Marehemu Asiye na Jeneza

Tangu saa nane kwaya ilikuwa ikicheka, na Nerima, bibi mwenye meno machache na maneno mengi, akaona mjukuu wake yu karibu kulia.

Mjukuu huyo, Clare, alikuwa akisomea chuo kikuu jinsi Waingereza walivyotamka lugha yao zamani. Mwalimu wake alitaka wimbo wa miaka mia sita iliyopita, uimbwe kwa matamshi ya wakati ule na urekodiwe. Mwisho wa kuupeleka ulikuwa kesho yake asubuhi, la sivyo arudie mwaka. Kwaya ya nyanyake, hapo Kariobangi, ilikubali kumsaidia. Do-re-mi waliziimba vizuri, maana kwao noti hutangulia na maneno hufuata. Maneno yalipofuata, basi! Kila k ambayo Mwingereza wa leo huimeza ilitakiwa isikike, na gh ikwaruze koo.

Adongo, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akashika mbavu. "Huyu Mzungu alikwamwa na mwiba wa samaki mbuta!"

Hata Wekulo, mwalimu wa kwaya, aliinama nyuma ya kinanda akacheka.

"Tuache tu, Kukhu," Clare akamnong'oneza nyanyake. "Nitarudia mwaka."

"Urudie mwaka mimi nikiwa hai? Nyamaza. Washa simu urekodi."

Nerima akafungua kabati la kwaya, akatoa vile vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi siku za maziko. Akavigawa, uso ameuvika huzuni.

"Kuna msiba. Wimbo huu ni wa kusindikiza."

"Woi! Ni nani, mama?" Adongo akauliza.

"Tuimbe kwanza."

Sasa, kwaya ile ilikuwa na mwiko: anayecheka akiimbia marehemu hufukuzwa, tena haonji chai ya matanga. Wakajifunga vitambaa. Wekulo akawapa do. K zikasikika, gh zikakwaruza, na Adongo akalia machozi ya kweli. Clare hakupumua mpaka mwisho.

"Imeingia yote, Kukhu," akasema, akizima simu.

Wekulo akavua kofia. "Haya mama, marehemu ni nani? Twende tuwape wafiwa pole."

"Ni wale Wazungu wa zamani waliotamka hivyo. Walikwisha wote, hakuna hata kitukuu anayetamka kama wao. Mmewazika vizuri."

Adongo akaruka. "Wewe mama ni mwongo!"

"Nimedanganya wapi? Kwani hawajafa?"

Adongo akafungua kitambaa mkononi. "Basi chai ya matanga iko wapi?"

Nerima akaondoa leso juu ya kikapu chake. Chai alikuwa ameipika tangu asubuhi, akaitia kwenye chupa, na mandazi pia.