Mtambo wa Mama

Mimi sikutaka kwenda makumbusho. Nilipe kiingilio nikatazame kiwanda kilichomharibia mama yangu masikio? Thubutu. Lakini mama mdogo ni king'ang'anizi. Akilivalia njuga jambo, hata ukijificha uvunguni atakufuata humo humo.

"Mpeleke dada yangu akauone mtambo wake," alisema. "Huenda ukamfungua mdomo."

Hapo alinipata. Mama alikuwa hajatamka neno tangu mvua za mwaka jana. Kumbukumbu zilimtoka kidogo kidogo, kisha na sauti nayo ikamwishia. Namwogesha, namlisha, namsuka, naye ananitazama kama anavyotazama ukuta. Sikutaka makubwa. Nilitaka aniite jina langu, mara moja tu, kabla hajaniacha.

Kiwanda cha nguo kilifungwa zamani. Ukumbi wa kufumia umepakwa rangi nyeupe, umezungushiwa kamba watu wasiguse, na ukutani kuna picha kubwa za wafanyakazi walionuna. Mama mdogo, ambaye naye alifuma humo miaka mingi, alikwenda moja kwa moja kwenye picha kule mwisho kuwasengenya marehemu. "Huyu alikuwa mwizi wa nyuzi," nilimsikia akisema, "mwone anavyojitia mtakatifu."

Mtambo mmoja tu bado unafanya kazi. Mwongozaji, dada mpole mwenye funguo kiunoni, aliinua kamba mama apite, akauwasha.

Kelele zile sina la kuzifananisha nazo. Sakafu ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Mama akanyooka mgongo. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye nyuzi, ukazipapasa zikiwa zinapita. Kisha midomo yake ikaanza kucheza.

Nikamtegea sikio mdomoni kabisa, sikusikia kitu. Nikamgeukia yule dada, nikapiga ukelele, "Zima nimsikie!"

Akazima. Midomo ya mama ikafungika palepale.

Mama mdogo akaja mbio kutoka kule mwisho, amefura. "Umezimisha ya nini, we mtoto? Dada alikuwa anazungumza."

"Hana sauti, mama mdogo."

"Sauti ya nini humu? Nani angeisikia? Sisi tulizungumza kwa midomo tu, siku zote. Nimemsoma kutoka kule kwenye picha."

"Alikuwa anasemaje?"

"Aliuliza kama saa imefika. Alionekana ana haraka."

Nilishikwa na hasira, sijui juu ya nani. Nyumbani mama hakuwahi kutuonyesha lugha hiyo. Nyumbani alikuwa anapaza sauti kama watu wote wasiosikia vizuri, nasi tukamwita Spika, tukacheka.

Mtambo ukawashwa tena. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, nikachezesha midomo polepole: Mama, ni mimi. Nikataja na jina langu.

Alinitazama. Safari hii alinitazama mimi, si ukuta. Midomo yake ikacheza. Mama mdogo akaniinamia, akanipigia kelele sikioni.

"Anakuuliza wewe ni wa zamu gani."

Nikamjibu kwa midomo, ya mchana.

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akanishika mkono, akauweka juu ya mtambo, akasema maneno mengi kwa mpigo huku macho yakimcheka. Mama mdogo alichelewa kunieleza. Alikuwa analia.

"Anasema umwangalizie mtambo, anatoka mara moja. Binti yake ameletwa getini kunyonya. Amemtaja jina, ni wewe. Anasema huyo akilia habembelezwi na mtu mwingine akanyamaza."

Mama akanipita, akaenda mlangoni haraka haraka, huku anafungua vifungo vya blauzi. Mimi nikabaki pale, nikimwangalizia mtambo.