Milioni Moja na Tisa

Tangu usichana wake, Signe, mwalimu mstaafu wa hesabu kule Duluth, mji wa kando ya ziwa, aliamini kwamba milioni moja na tisa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Majira hayo ya baridi akaamua kuhakikisha kwa penseli. Kila asubuhi alijaribu kuigawa kwa namba tasa moja tu, akianza na mbili, huku theluji ikidondoka taratibu ziwani hata asijue anahesabu au anaota.

"Jiwe lako bado halijapasuka, mwalimu?" mumewe Orrin alimtania.

"Gumu kuliko kichwa chako."

Asubuhi ya sitini na mbili aligawa kwa mia mbili tisini na tatu. Hakikubaki kitu. Akarudia mara tatu, machozi yakamlengalenga.

"Imegawanyika, Orrin. Imetoa elfu tatu mia nne kumi na tatu."

Orrin akaketi kando yake. "Na hizo mbili nazo zinagawanyika?"

Signe akakokotoa kwa muda mrefu. "Hapana. Zote tasa."

"Kumbe walikuwa wawili siku zote, wamekumbatiana tu."

Signe akacheka, akamwegemea begani. Kahawa ikapoa wakilitazama ziwa jeupe lisilo na mwisho.