Ngozi Isiyoliwa na Wadudu

Katika ghala moja la ngozi karibu na stesheni ya Morogoro, Rehani alichovya ngozi za ng'ombe katika pipa la maji ya arseniki. Ngozi iliyochovywa humo haikuliwa na wadudu, hata ikivuka bahari kwenda Udachi. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi.

Mjomba wake Dadi, fundi wa ngoma huko Mgeta, aliitamani sana ngozi ya namna hiyo, kwani wadudu walikuwa wameitoboa ngoma ya ukoo. Rehani akamtafutia kipande. Alikisugua mtoni kwa mchanga, akaamini kimetakata, kisha akapanda nacho mlimani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mikono gani hiyo, mpwa wangu? Umegeuka kenge?"

"Ni dawa ya ghalani, ni sumu. Ngozi nimeiosha, lakini unawe kabla ya kula."

"Nitanawa. Nyinyi wa mjini mnafikiri maji yako kwenu tu."

Rehani akarudi kazini na moyo mweupe.

Siku ya pili mwenzake Salum alikuwa akifunga mzigo wa ngozi. Mikono yote miwili ilipojaa, akauma ncha ya kamba ili aikaze. Msimamizi akampiga kofi, kamba ikamtoka.

"Unataka kufa? Kilichogusa ngozi hizi hakiingii kinywani."

Rehani alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Tangu utotoni alikuwa akimwona Dadi akitengeneza ngoma. Fundi wa kwao hukata kanda katika ngozi ileile, akazitafuna moja baada ya nyingine mpaka zilainike, ndipo azikaze. Yeye alikuwa ameionya mikono, akakisahau kinywa.

Aliondoka bila kuaga. Alipanda Uluguru kwa njia za mkato, akishika mizizi, huku akijiambia kwamba mjomba ni mvivu, kwamba huenda hajaanza.

Alipokaribia kijiji aliisikia ngoma. Ililia kavu, imekazwa barabara. Akaendelea kupanda.

Dadi alikuwa ameketi kizingitini, ngoma mapajani, midomo imevimba. Pembeni ya mguu wake palikuwa na matapishi yaliyofunikwa majivu.

"Umeisikia?" akauliza kwa furaha. "Hii itawalilia wajukuu zangu. Ila tumbo linanisokota, na maji hayakai."

Rehani akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na safi; mjomba alikuwa amenawa.