Mstari na Mwenyewe

Mama Pindo alikuwa na kitendawili kisicho na jibu, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Si kwamba alikosa vitendawili. Fundi huyu wa nguo alikuwa navyo kama vifungo kwenye kopo, vikubwa kwa vidogo, na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na suruali fupi na kitendawili kirefu. Lakini hiki alikitaka kiwe cha pekee. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameketi benchi la nyuma kanisani, akisikiliza wengine wakiwafundisha akina mama, mpaka jalada la Biblia yake likang'oka akalishona kwa uzi wa viatu. Sasa mwalimu wao alikuwa amehamia mbali, na Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke asiyerudia neno mara mbili, akatamka: "Jumamosi fundisha wewe. Tukuone."

Tukuone! Tangu siku hiyo Mama Pindo hakutembea, aliruka. Chai aliinywa amesimama.

Somo lenyewe lilikuwa tayari, tena limetundikwa ukutani kanisani: kitambaa kirefu kama shuka, ambacho yeye na wifi yake walikidarizi kwa uzi wa dhahabu wiki tatu nzima. *Mwanzo wako ni mdogo, mwisho wako utaongezeka sana.* Nani asiyeupenda mstari huo? Mwenyekiti alikuwa amekwisha kukipiga picha na kuwatumia akina mama wote, ndiyo kadi ya mwaliko.

"Nitaanza hivi," alimwambia wifi yake Alhamisi asubuhi, cherehani ikiwa bado kimya. Wifi, dada mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa akipiga pasi pale kwenye kibanda cha kushonea. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nilimwambia mtu mwisho wake utakuwa mkubwa. Mimi ni nani?"

"Mungu," akajibu wifi bila kuinua macho. "Hicho nacho kitendawili au salamu? Hata mtoto wa kubebwa anakitegua."

"Haya, Mungu. Lakini Mwenyekiti ataniuliza, Mungu alimwambia nani, na kwa nini? Unamjua alivyo. Nikisitasita tu, nimekwisha."

"Biblia unayo, macho unayo. Unaniuliza mimi mpiga pasi?"

Mama Pindo akafungua kitabu cha Ayubu. Mstari ule aliujua kwa masikio tu: kwaya waliuimba, watu walitakiana heri kwa huo. Akaupata sura ya nane. Akaweka kidole, akapanda nacho juu mstari kwa mstari kumtafuta msemaji, kama mtu anayefuata uzi hadi ulipofungwa fundo.

"Wifi."

"Nini tena?"

"Si Mungu."

"Si Mungu vipi?"

"Anayesema hapa si Mungu. Ni Bildadi."

"Bildadi ndiye nani? Malaika?"

"Sijui! Ngoja!"

Akarudi sura ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Akasoma mali ya Ayubu ilivyopotea. Akasoma upepo ulivyoangusha nyumba juu ya watoto wake kumi, wavulana saba na wasichana watatu, na Ayubu mwenyewe akabaki majivuni na majipu mwilini. Akaja mzee mmoja kuchukua suruali yake.

"Bado, baba yangu," akaambiwa. "Keti. Mwenzio ana majipu kuanzia utosini hadi unyayoni, wewe unalilia pindo?"

Yule mzee akaketi. Baada ya sura mbili akawa ndiye anayehimiza, "Enhe? Marafiki wakasemaje?"

Marafiki watatu walikaa na Ayubu kimya siku saba, na hapo Mama Pindo akawapenda. Kisha wakafungua midomo. Zamu ya Bildadi ilipofika, akamwambia yule baba aliyefiwa kwamba kama watoto wake walikosa, basi wamepata haki yao. Na Ayubu naye, kama angekuwa safi, Mungu angemwinua, na mwisho wake ungeongezeka sana.

Wifi akasimamisha pasi. "Hivyo ndivyo alivyomwambia? Mtu aliyefiwa?"

"Ndivyo alivyosema! Sisi tuliumega ule mkia tu, ule mtamu."

Wakaendelea. Zilikuwa sura ndefu za mabishano, nyingine hakuzielewa akazipita akikiri kwamba hajazielewa. Mchana ukaja, wali wao ukapoa. Mama Pindo alijisikia kama mtu aliyepita nje ya nyumba fulani miaka yote akisoma namba ya mlango tu, na leo kakaribishwa hadi jikoni. Alipofika sura ya mwisho akapiga ukelele, na kola ya shati la watu ikanusurika kuungua.

"Mungu amewakasirikia! Bildadi na wenzake! Amesema hawakunena yaliyo sawa juu yake!"

"Wale wale?"

"Wale wale!"

Wifi akaweka pasi wima. "Na sisi tumemdarizi kwa dhahabu."

Wakatazamana. Kicheko kikawapasuka, wakashikana mabega, wakafuta machozi kwa vipande vya kitambaa, na yule mzee wa suruali akacheka nao. Kisha wifi akasema, "Mwenyekiti je?" Kicheko kikakatika kama uzi mbovu.

Ijumaa Mama Pindo akaenda kwenye duka la Mwenyekiti la vifaa vya ujenzi. Alimkuta akipima misumari. Akamweleza yote kwa pumzi moja, Biblia wazi juu ya kaunta.

"Neno lililo ndani ya Biblia ni Neno," akasema Mwenyekiti.

"Hata la nyoka?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei, mama. Nyoka naye anasema humo. Mbona hatumdarizi?"

Muuza duka msaidizi akageukia ukuta kuficha meno. Mwenyekiti akaongeza msumari mmoja kwenye mizani. "Haya niambie. Mwisho wa Ayubu haukuongezeka? Alirudishiwa maradufu. Basi Bildadi kasema kweli."

Hapo pagumu. Mama Pindo alikuwa amelisumbukia hilo tangu alfajiri. "Mwisho ulikuja, lakini si kwa njia aliyoionyesha Bildadi. Yeye alisema, ukiwa safi utapata. Na sura ya kwanza Mungu mwenyewe anashuhudia kwamba Ayubu ni mkamilifu, na bado yakamkuta! Futi ya kupimia nguo ikishavutika, mama, inaweza kubahatisha shati moja. Utaendelea kupimia watu nayo?"

"Akina mama wanakuja kutiwa moyo, si kunyang'anywa mstari. Fundisha kilichoandikwa ukutani."

"Nitafundisha hicho hicho, pamoja na mwenyewe aliyekisema. Nimekuja leo ili kesho usiseme nimekuvizia."

Mwenyekiti akamwaga misumari mfukoni. "Nitakaa benchi la mbele. Nikisimama, wewe kaa. Na ukikaa, usitegemee kusimama tena."

Jumamosi kanisa lilijaa hadi dirishani. Mama Pindo akapanda mbele. Mwenyekiti alikuwa pale pale alipoahidi, Biblia mapajani, uso kama mlango uliofungwa.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia.

"Maneno yangu yametundikwa hapo juu kwa dhahabu. Mimi ni nani?"

"Mungu!"

"La."

Minong'ono. "Musa!" "Sulemani!" "Yesu mwenyewe!" "Ni wewe, si ndiwe uliyedarizi?" Wakacheka.

"Mmeshindwa? Nipeni mji!"

"Chukua wowote!"

"Mji sitaki, nataka mfungue. Ayubu, sura ya nane. Mwanzoni kabisa, msianzie mstari wetu."

Kurasa zikavuma chumba kizima. Kisha sauti moja nyuma ikapaza, "He! Bildadi!" na nyingine, "Ndiye nani huyo?" Na nyingine, "Ngojeni, someni mstari wa nne, jamani, anavyosema juu ya watoto waliokufa!" Ikawa vurugu tamu, vidole vinakimbia, wenye miwani wanawasomea wasio na miwani, mabenchi yanalia.

Mwenyekiti akasimama.

Mama Pindo akahisi miaka yote kumi na mmoja ikimtoka vidoleni. Lakini alikuwa amekubali sharti. Akakaa.

Mwenyekiti hakumtazama. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa. "Mstari wa nne," akasema. "Mimi niliambiwa haya. Kwenye mazishi ya binti yangu. Mtu alinishika mkono akaniambia nitafute nilipokosea, na akanitajia Biblia. Miaka tisa nimedhani ni Mungu aliyesema."

Akamgeukia Mama Pindo.

"Jana dukani ulisema Mungu aliwakasirikia. Simama unionyeshe wapi. Nataka nisome mimi, kwa macho yangu."

Mama Pindo akasimama, akashuka kwake, akamfunulia sura ya mwisho. Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Yeye asiyerudia neno mara mbili akasoma tena, safari hii polepole, na alipomaliza akacheka kicheko kimoja kikubwa chenye machozi ndani yake. Akina mama wakalipuka. Mwingine alipiga vigelegele, mwingine alimkumbatia jirani yake bila kujua kwa nini.

"Na kitambaa?" akaita wifi kutoka dirishani. "Tufumue?"

"Msifumue!" akajibu Mwenyekiti. "Ongezeni chini yake: *Bildadi kasema.* Kila atakayekisoma aulize ndiye nani, na aambiwe."

Msichana wa chai akachungulia mlangoni. Chai ilikuwa tayari, akasema, na ingepoa.

"Ipoe," akasema Mwenyekiti, akiketi na kuvuta Biblia karibu. "Fundi, tumeingilia katikati. Turudishe sura ya kwanza, tusome yote, wala usiruke kitu."

"Ni sura arobaini na mbili, mama."

"Kwani nimekuuliza ni ngapi?"

Kurasa zikavuma tena chumba kizima zikirudi nyuma, na Mama Pindo akaanza kusoma, kwa sauti ambayo hata aliyesimama nje ya dirisha aliisikia.