Kazi Isiyo na Mahali ku Fiche

Pointi thelathini na nane kwa mia. Myriam aliigeuza fiche, karatasi ya tathmini ya kazi yake, kuona kama nyuma kuna kitu kilichosahaulika. Nyuma palikuwa peupe. Maziwa yalikuwa yameanza kumlowanisha blauzi. Kichanga chake cha miezi mitatu kilikuwa kimebaki kwa jirani kule Bulengera, naye alikuwa ameketi kwenye benchi la kitivo tangu asubuhi mpaka alipoitwa ofisini.

"Muhula wa kwanza muliniwekea zero," alisema.

"Ulikuwa congé, haukuwa ku kazi," alijibu mkuu wa kitivo, Profesa Melchior, bila kuinua macho.

"Nilizala, Monsieur le Doyen."

"Najua. Mais fiche inauliza siku za kazi. Haiulize sababu."

Ulikuwa mwaka wake wa sita wa kuwa assistant, mhadhiri msaidizi, katika chuo hicho cha Butembo, mwanamke pekee katika idara yao.

"Na masomo ya assistant mwenzangu Grady? Saa makumi ine na tano. Yeye alikuwa Kinshasa ku conférence, mimi nikafundisha na tumbo ya miezi saba."

"Horaire ya masomo iko na jina ya Grady. Saa ni zake. Na conférence nayo iko na pointi."

"Na bale babinti ba Beni? Tangu balikimbia vita, banaandikia mémoire ya kumaliza chuo kwangu ku nyumba. Bane kati yabo balimaliza."

Melchior alitabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ile ni roho ya mama tu. Tunakushukuru. Lakini haina mahali ku fiche." Akamsogezea kalamu. "Weka signature."

Wiki iliyopita Grady alikuwa amepandishwa cheo. Noti za masomo alizosifiwa kwazo aliziandika Myriam.

"Sitaweka."

"Basi dossier yako ya mkataba mupya haitatimia, na wa sasa unaisha mwezi huu. Fikiri mpaka mwisho wa juma." Kisha sauti yake ikalainika. "Kesho bakaguzi ba vyuo banakuja kutoka Kinshasa. Utabapokea wewe. Idara haina munamuke mwingine."

Kesho yake aliwapokea. Njia nzima, mgongoni mwa pikipiki, alikuwa amepanga maneno ya kuwaambia, ameyapunguza mpaka yakabaki matatu manne yasiyoweza kukatizwa. Lakini hotuba ya kukaribisha ilitolewa na Melchior, takwimu zikasomwa na Grady, na yeye akakabidhiwa thermos ya kahawa.

Alizunguka meza akimimina. Mkaguzi mmoja, mzee mwenye miwani, akamtazama na kumwuliza kwa Kiswahili cha kujikongoja: "Madame, banamuke ba hapa, banasikilizwa?"

Myriam alifungua mdomo.

"Sana," alisema Melchior.

Mkaguzi aliliandika neno hilo, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.