Babu, Mtani Wake na Sanduku la Risasi

Babu yangu, Mzee Mtoro, ana masanduku tisa ya risasi. Si risasi jamani, masanduku matupu. Risasi zenyewe zilikwisha zamani kwenye vita vya Hitla, huko Bama ng'ambo ya bahari, ambako Babu alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Watu wakisikia keya wanadhani alipiga bunduki. Babu hakupiga hata moja. Alibeba tu. Kichwani sanduku, juu mvua, chini matope, miaka miwili. Sasa akisikia mahali kuna sanduku la jeshi la zamani, atalifuata. Moja alilikuta Zinga, kuku anaatamia ndani, akangoja siku kumi na moja mayai yaanguliwe ndipo akalichukua. Jingine alibadilishana na mvuvi wa Saadani kwa koti lake la mvua, na mpaka leo linanuka dagaa.

"Mimi nimeolewa mitala," Bibi Mwaija huwaambia wageni. "Wake wenza tisa, wote wa mbao, na wote wanapakwa mafuta ya nazi kuliko mimi."

"Wao hawana maneno," Babu humjibu.

Katika hao tisa, analolipenda ni moja. Lina herufi nyeusi ubavuni, na vipini vyake ni vya kamba, vile vile vilivyotoka kiwandani. Mengine yote kamba zilioza, watu wakatia waya. Hili Babu hulishika ile kamba tu, kama alivyozishika zile za Bama, halafu akaliweka.

Sasa Idi Mosi mwaka huu, sabini na mbili, alikuja Mzee Mihambo, fundi baiskeli wa hapa hapa Bagamoyo, kule Magomeni. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Alikula pilau sahani mbili, akaingia chumba cha masanduku bila hodi.

"Mzaramo, hiki chumba au bohari la serikali?" akauliza. Akayapiga piga masanduku kama anayechagua nazi, mwisho akalinyanyua lile la kamba. "Hili nimelipenda. Nitalifunga nyuma ya baiskeli, nitie spana zangu."

Akaenda nalo.

Babu akacheka. Atafanyaje? Mtani akichukua kitu chako hununi wala humfuati kudai. Ukinuna umeuvunja utani, na watu watakusema mpaka siku ya maziko yako. Dawa yake ni moja, mtu mwingine wa nyumbani kwako aende kwa mtani, atwae kitu chake mbele za watu, amtolee na maneno ya utani, ndipo mbadilishane. Basi Babu alicheka mpaka Mzee Mihambo akapotea kwenye kona. Halafu akakaa chini, na pilau yake ikaliwa na paka.

Siku ya tatu jirani yetu Mwinshehe akaleta habari. Mzee Mihambo kalichora sanduku kwa penseli, kesho analitoboa matundu manne, anangoja tu keekee yake ya kutobolea, aliyoazimisha, irudi.

"Matundu manne," Babu akasema. "Limevuka bahari. Mjapani kalipigia mabomu hakulipata. Linakuja kutobolewa Magomeni." Chai hakuigusa.

Kaka yangu Kitwana, ambaye mdomo anao, yuko JKT Ruvu. Bibi akanitazama mimi.

"Ataenda Ashatu."

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiita majina asubuhi, rafiki yangu Dija ndiye anayeniitikia "yupo". Nikasema Bibi, siwezi. Bibi akasema utaweza, akanifundisha jioni ile ile. Nifike, nisiamkie mtu, ninyakue baiskeli yake, halafu nipaze sauti: "We Mnyamwezi, ulikuja pwani na pembe begani, ulipoiona bahari ukaomba sukari ukadhani uji!" Babu akawa ndiye Mzee Mihambo, kasimama katikati ya ua kashika mwiko badala ya spana. Nikayasema.

"Huyu kasema au kapiga chafya?" Babu akauliza.

Kesho yake nikaenda. Njia nzima nakariri, pembe, bahari, sukari, uji. Nilipofika kibandani nikakuta wazee wanne wanacheza bao, mke wake Bi Sihaba anamenya mihogo, na Mzee Mihambo mwenyewe kainama juu ya sanduku la Babu, keekee mkononi. Akainua uso. Na mimi magoti yakapinda yenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu!"

Wale wazee wakaacha kete zao. "Kamwamkia!" mmoja akasema, akapiga paja. "Mtoro kaleta askari kaanza kwa kupiga magoti!" Mwingine akanambia, "Sasa binti, heshima umeshatoa, matusi utayatoa wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Maneno yote yalikimbia, hata uji sikuukumbuka. Mzee Mihambo alifurahi, mshindi kabisa, akataka na kunionyesha kwamba yeye ni muungwana.

"Msimcheke mtoto wa watu. Karibu mama, karibu, usisimame juani." Akatazama huku na huku, viti vyote vimekaliwa. Akaligeuza lile sanduku, akalipangusa kwa kitambaa chake cha grisi. "Kaa hapa."

Nikakaa.

Wallahi sikuwa na hila yoyote. Nilikaa kwa sababu niliambiwa. Bi Sihaba akaniletea muhogo na chai ya rangi, nikala, nikatazama chini. Wazee wakarudi kwenye bao lao. Mzee Mihambo akaishika keekee yake, akaipuliza, akakohoa.

"Ehe, mjukuu. Umeshapumzika?"

Nikatikisa kichwa kuwa bado.

Akazunguka. Akatengeneza pancha ya mtu. Akarudi. "Sasa mama, hebu inuka kidogo, nina kazi na hicho kiti."

Ndipo Bi Sihaba aliposimamisha kisu. "Unamwinua nani?"

"Si huyu mtoto tu."

"Umemkaribisha mwenyewe, umempangusia kiti mwenyewe. Toka lini mgeni anainuliwa kwenye kiti? Huko kwenu Tabora labda. Hapa mgeni anainuka akitaka."

Wale wazee wakacheka, mmoja mpaka kofia ikamdondoka. "Mihambo, umejifunga!"

Nilielewa hapo, taratibu, kama mtu anayeamshwa. Kutukana sijui. Kunyakua siwezi. Lakini kukaa kimya nimezaliwa nako.

Nikakaa. Ikaadhiniwa adhuhuri, wakaenda kusali, wakanikuta nilipo. Mzee Mihambo akaniagizia wali. Akanambia kule ng'ambo ya barabara kuna mtu anagawa mabuyu. Akanambia sanduku lina kunguni. Nikawa nasema "ahsante babu" tu, kila kitu ahsante babu. Yule aliyeazima keekee akaja kuichukua tena, anataka kwenda nayo Chalinze. Ikaadhiniwa alasiri.

"Mtoto wa Kizaramo wewe!" Mzee Mihambo akasema, akaitupa penseli. "Maghribi itanikuta nimeweka mtoto wa watu kibandani kwangu, niambiwe nini? Haya. Mgeni hainuliwi. Atapelekwa na kiti chake."

Akalifunga sanduku kwa kamba nyuma ya baiskeli yake, kwenye keria, mimi juu yake, Bi Sihaba ananishika nisianguke. Hapo ndipo alipolipiza. Hakupanda, aliikokota, polepole, mji mzima, huku anapiga kengele. "Njooni mumwone bibi harusi wa Mtoro! Anaitwa Ashatu! Ana maneno mengi huyu!" Watoto wakatufuata. Mwalimu wangu alikuwa mlangoni kwake. Nilijifunika mtandio mpaka puani.

Nyumbani wote walitoka nje. Babu alitazama keria, akatazama pembeni haraka, asionekane analitaka sanduku.

"Mtani," akasema, "naona umeniletea mke wangu. Na hilo alilokalia?"

"Hilo si langu, wala si lako. Ni kiti cha huyu mgeni wangu. Muombe mwenyewe."

Babu akanisogelea. "Mke wangu, shuka basi."

Sikushuka.

"Anataka kwanza umpe kitu!" Mzee Mihambo akapiga kelele. "Usimpe bure, mama!"

"Nitakununulia viatu vya skuli," Babu akasema.

Kimya.

"Na mtandio mpya."

Bibi akashika kiuno. "Jamani, nani kamfundisha huyu?"

Babu sasa jasho linamtoka. Ananitazama mimi, analitazama sanduku, kama vile naweza kubadili nia nirudi nalo Magomeni. "Sema unachotaka, Ashatu. Chochote."

"Babu," nikasema, "miguu imekufa ganzi."

Bi Sihaba alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Mihambo akanishika mkono wa kulia, Babu akanishika wa kushoto, wakaniteremsha kama mzigo wa vyungu. Na kabla unyayo wangu haujagusa mchanga, mkono wa pili wa Babu ulikuwa umeshaikamata ile kamba.