Mwenye Macho Haambiwi Lala

Mume wangu analipwa kusikiliza kipindi ambacho wengine wanakamatwa kwa kukisikiliza. Ndiyo maana sisi hatupunguzi sauti. Kila jioni anakifungua kwenye simu ya ofisi, anaiegemeza kwenye cherehani yangu, na sote wawili tunakaa kumsikiliza Kinyago.

Kinyago ndilo jina watu walilompa mtangazaji wa kipindi hicho, Kurunzi. Haonyeshi uso. Tunaona ukuta tu, na sauti yake imepitishwa kwenye mtambo hadi inanguruma kama mtu aliyemeza debe. Anasoma habari ambazo redio ya taifa haithubutu kuzigusa: dawa za hospitali zimekwenda wapi, nani kafutwa kazi, nani alitoka nyumbani na hajarudi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya hiyo ofisi kumchukua, na kazi yake sasa ni kumtambua mtu huyo kwa maneno yake.

Mimi nilimtambua siku ya kwanza. Mtambo unabadili sauti, lakini haumbadili mtu anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Ni Kiroboto, mdogo wangu, tumbo moja, aliyetuaga akidai amepata kazi melini.

Sikuwa na njia ya kumfikia. Simu yake ilishakufa, na maoni yanayoandikwa chini ya kipindi husomwa yote na mfanyakazi mwenza wa mume wangu, wa meza ya pili. Basi nikawa nashona na kusikiliza, nijue tu kwamba yu hai. Siku akikosa kutokea, nashonea mkono wa gauni shingoni. Ujinga gani huu, kuomba mtu asinyamaze na papo hapo kuomba anyamaze!

Juma lililopita akateleza. Alikuwa anamkejeli waziri aliyesinzia bungeni. Akacheka mapema, kama kawaida yake, akasema, "Ndugu zangu, mwenye macho haambiwi lala."

Nikaacha kushona. Methali inasema haambiwi tazama, hata mtoto wa shule anajua. Hiyo "lala" ni ya marehemu baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa akirudi asubuhi, tukimsihi apumzike, anatujibu hivyo, halafu anakoroma na viatu miguuni. Tulikua tukiamini ndivyo methali ilivyo.

Nikamtazama mume wangu, nikitegemea aruke kwa furaha. Aliweka kalamu chini, uso umesawijika.

"Huyu kaniua," akasema.

"Kakuua vipi?"

"Hiyo methali naisema mimi. Kule ofisini, bosi akinikuta nasinzia. Wote wananicheka, eti mwalimu mzima nageuza methali."

Kumbe nilikuwa nimemwambukiza. Ndoa ndivyo ilivyo, mnaambukizana mafua, mnaambukizana na maneno. Aliiokota mdomoni mwangu, siku yenyewe hata haikumbuki, akaenda kuimwaga mahali pabaya kuliko pote.

Kesho yake hawakumpa kazi. Walimhamishia meza karibu na mlango, wakamwambia asubiri aitwe. Wenzake wakaacha kumsalimia. Na Kiroboto, masikini, hana habari. Watu mtandaoni walikuwa wameipenda ile methali, wanaitania kila kona, basi naye akaifanya salamu ya kufungulia kipindi. Kila jioni anaitamka kwa mbwembwe, na kila jioni mume wangu anazidi kunywea kwenye kiti. Nilitamani niingie ndani ya ile simu nimnase kofi mdogo wangu, kisha nimkumbatie nimzibe mdomo.

Jana mume wangu alirudi, akaizima simu kipindi kikiwa ndiyo kwanza kinaanza.

"Kesho wananihoji," akasema. "Watataka kujua nimeitoa wapi."

"Waambie umeitoa kwangu."

"Na wewe wakikuita?"

"Niliitoa kwa baba. Kama wana ubavu, wamfuate huko aliko wakamuulize."

Hakucheka. Alinitazama, nami nikaona kwamba anajua Kinyago ni nani. Labda alijua tangu jioni ile Kiroboto alipoteleza, akawa anasubiri niseme mwenyewe. Huyu ndiye aliyemwazima Kiroboto koti siku ya harusi yetu, kwa kuwa mdogo wangu hakuwa na nguo ya kusimamia. Lakini hakumtaja. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu mgongo wima, akanisemesha kwa sauti ya mtu anayehoji, ambayo sijawahi kuisikia humu ndani.

"Mama, marehemu baba yako aliacha watoto wangapi?"

Nilishika kitambaa kwa mikono miwili. Nilitaka kumtukana. Nikamwona jinsi shingo yake ilivyokonda ndani ya kola, nami ndiye niliyelishona shati hilo.

"Mmoja," nikasema.

"Rudia," akasema. "Safari hii usilie."